Cheo ni Amana, Si Fungu la Jamaa



Garissa, kama huku kwetu pwani, husikika malalamiko haya: cheo hupewa wa ukoo wa mkubwa, na mwenye ujuzi huachwa nyuma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee wasio wa kabila kubwa la kaunti. Lakini ndani ya kabila mna koo, na sheria haiuoni moyo wa mwenye kalamu.

Mtume (s.a.w.) alipoifungua Makka mwaka wa 8 wa Hijra, jamaa zake waliutaka ufunguo wa Al-Kaaba. Akaurudisha kwa Uthman bin Talha, mwenyewe. Ikiwa ukoo wa Mtume haukuwa hoja, utakuwaje hoja ukoo wetu?

Ewe uliyedhulumiwa, itimize kazi yako, usimsengenye aliyepandishwa, na upeleke shauri lako kwa maandishi panapohusika. Kusubiri si kuinyamazia dhulma.

Nasi sote tujihesabu: mchana twalaani upendeleo, usiku twabisha mlango wa jamaa aliyepata cheo. Tuuache mlango huo.

Wabillahi taufiq.