Mguu Bado Unakanyaga

Hapa Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, wapo wazee waliobeba abiria kwa baiskeli za Black Mamba ambao wakisikia habari za baiskeli ya umeme husema: huo ni uvivu. Nawaelewa. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki ziliwachukulia abiria na riziki yao ikamegwa. Lakini baiskeli ya umeme ninayoisema si pikipiki. Mota yake husukuma pale tu mguu unapokanyaga pedali. Katika Umoja wa Ulaya, ili ihesabiwe kuwa baiskeli, sheria inataka mota izime mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Mama anayepanda kilima na gunia la mahindi bado atatoka jasho. Natamani vijana wa chuo chetu cha ufundi wajifunze kutengeneza baiskeli hizi, na wazee hao hao wawafunze kunyoosha rimu na kukaza spoku.