Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Kuna neno lisemwalo sana kila yatokeapo maafa: "Ajali haina kinga." Lina ukweli wake, kwani mwanadamu hakupewa kuyajua ya kesho. Lakini limekuwa pia pazia ambalo nyuma yake hujificha watu waliopasa kuulizwa. Basi yafaa tupambanue: ni lipi lililo ajali, na ni lipi lililo taksiri ya mtu iliyovikwa nguo ya ajali?

Natutazame mfano mmoja mashuhuri. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, gesi ya sumu iitwayo methili isosianeti ilitoka katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide, ikawaenea watu waliolala. Hesabu ya kwanza ya serikali ilitaja maiti 2,259. Hesabu za baadaye zilizidi hapo sana, na waliodhurika walipita nusu milioni. Maji yaliingia katika tangi lenye kiasi cha tani 40 za kemikali hiyo, nayo ikapata moto na kufura.

Watu wamebishana mpaka leo maji yale yaliingiaje. Lakini liko jambo lisilotegemea ubishi huo. Kiwanda kilijengwa pamoja na kinga zake. Palikuwa na mtambo wa kuipoza kemikali. Ulikuwa umezimwa miezi kadha kabla. Palikuwa na mnara wa kuichoma gesi itakayoponyoka. Haukuwa ukifanya kazi. Palikuwa na mtambo wa kuisafisha. Haukuuweza wingi ule. Kinga ilikuwapo, ila iliwekwa kando. Na majirani hawakufunzwa kabla ni kitu gani kilicho karibu na vitanda vyao, wala la kufanya siku kitakapowafikia.

Fikiri, ewe msomaji, juu ya mtu aliyechimba kisima katika njia ipitwayo na watoto, kisha akaacha kukifunika kwa kuepa gharama ya mfuniko. Mwaka ukapita, asitumbukie mtoto hata mmoja. Je, mtu huyo hana kosa? La! Ana bahati tu, na bahati si usafi wa nia. Kosa lake lilitimia siku ile alipoondoka akakiacha kisima wazi. Kuanguka kwa mtoto hakuanzishi kosa, hulidhihirisha.

Hii ndiyo maana ya sheria za usalama wa viwanda vya kemikali. Hazingoji mtu afe ndipo ziulize. Huuliza mapema: mfuniko uko wapi?

Wenye viwanda hujibu kuwa sheria hizi ni nyingi, zaongeza gharama, na viwanda ndivyo viwapavyo watu kazi. Kazi ni neema, hatukatai. Lakini gharama ya usalama ikiachwa haipotei, bali huhama. Hutoka katika daftari la mwenye mali ikaingia katika mapafu ya jirani, ambaye hakushauriwa wala hagawiwi faida. Mtu ana haki ya kuhatarisha mali yake. Hana haki ya kuhatarisha uhai wa mwenzake bila ya idhini yake. Wala fidia haitengenezi hayo. Kwa Bhopal zililipwa dola milioni 470 mwaka 1989, na hakuna aliyefufuka.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Bara Hindi tu. Hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi, kilichoanza 2007 na kufungwa 2014. Sumu yake iliingia katika damu za watoto. Julai 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ikatenguliwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni mamlaka ya taifa ya mazingira, yaani mlinzi mwenyewe. Sheria ilikuwapo kitabuni. Mwenye amana ya kuitekeleza ndiye aliyelala.

Basi wajibu umetugawanyikia sote: mwenye kiwanda asizime kinga, mkaguzi asitie sahihi asilolikagua, na jirani asione haya kuuliza. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 70, yamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa kuharibiwa mazingira, hata kabla ya kuthibitisha kuwa yuko aliyekwisha kudhurika. Hayo ndiyo tuyasemayo: kosa hutangulia maiti, basi na swali nalo litangulie.

Ajali isiyo na kinga ni ile tu ambayo kinga yake haikujulikana. Iliyojulikana kinga yake, ikaachwa, ina jina jingine, na ina mwenyewe.