Kujaribu Dawa, Kumjaribu Mungu

Tunawaandikia juu ya neno lililoleta mabishano katika mkutano wetu, nasi tuliahidi kulijibu hapa.

Wakati wa mvua zilizopita, wachunguzi wa afya walipita mtaani kwetu. Waliomba kuchoma kidole cha kila mtoto na kuchukua tone moja la damu, wapate kujua ni watoto wangapi wanaobeba malaria hata bila homa. Nyumba nyingi za waamini zilifungwa. Mzee mmoja alisema kwamba damu ya wateule haiuzwi. Mwingine alikumbusha jinsi Daudi alivyoadhibiwa kwa kuwahesabu watu. Ndipo mama mmoja akasimama nyuma, pale wanapokaa wamama wenye watoto, akauliza: “Wazee wangu, kama nabii amemwombea mtoto wangu, nami usiku ninamfunika kwa mustikere, je, nimemwonyesha Mungu kwamba simwamini?” Hakuna aliyemjibu siku ile. Tuliimba, tukaenda nyumbani.

Tuanze na damu. Tusiwacheke waliofunga milango. Wazee waliokaa katika kambi za Union Minière walitusimulia habari za batumbula, watu wa usiku waliosemekana kuwakamata wapita njia ili waliwe. Hofu ile haikutoka bure. Mtu aliyeona mwili wake ukihesabiwa kwa kazi unayoweza kutoa, na akiugua anarudishwa kijijini, sherti aulize: huyu anayenitafuta leo anataka nini kwangu? Swali hilo ni halali hata sasa. Mchunguzi anayekuja sherti aseme damu inakwenda wapi, itapimwa nini, na sisi tutaletewa jibu lini. Asiyetaka kusema, mlango ufungwe. Lakini akisema wazi, na ukakubali au ukakataa kwa hiari yako, hapo pana mashauri ya watu wawili na hapana batumbula.

Kuna habari moja ya mkanda huu huu wa shaba, ng'ambo ya mpaka, ambayo tungependa mwijue. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Roan Antelope ilianza kuchimba shaba huko Luanshya. Wafanyakazi wakafa wengi, wengine wakakimbia. Watu walisema katika mto Luanshya anakaa nyoka mkubwa anayeua. Kuanzia mwaka 1929 kampuni ikamtafuta Malcolm Watson, mganga wa chuo cha Ross cha London, aliyekuwa amepigana na malaria huko Malaya. Walichimba mifereji, wakakausha mabwawa, wakamwaga mafuta juu ya maji yaliyosimama, wakafunga wavu madirishani, wakagawa kinini. Kwa miaka michache tu ugonjwa na vifo vya malaria vilishuka sana. Sisi hatuwacheki waliomwogopa yule nyoka. Waliona kwamba kifo kinatoka mtoni, na kweli kilitoka mtoni. Kampuni nayo haikufanya kwa upendo, ilitaka mikono ya kuchimba. Walakini mtoto aliyepona pale alipona kweli, na uzima wake haukuwa mali ya kampuni.

Na leo tazameni mashimo yetu. Kila mahali wachimbaji wa mikono walipotoboa ardhi, mvua inaacha maji, na mbu wa malaria anapenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi duniani ni Mkongo.

Sasa twende kwa swali la yule mama. Kwa lugha yetu neno “kujaribu” linabeba mizigo miwili. Shetani alipompandisha Bwana Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajirushe kwa kuwa malaika watamshika, Bwana alikataa, akasema Mungu hajaribiwi (Matayo 4:5-7). Angalieni vizuri ni nani hapo anayemjaribu Mungu. Ni yule anayejirusha. Anayeshuka kwa ngazi hamjaribu mtu. Basi mama anayemlaza mtoto chini ya mustikere anashuka kwa ngazi. Anayemlaza wazi kando ya shimo lenye maji, kisha anadai malaika, huyo ndiye aliyesimama ukingoni.

Tena kuna kujaribu ambako Maandiko hayakukemea. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme. Hakusema tu, “Niaminini.” Alimwomba msimamizi awape mboga na maji kwa siku 10, kisha azilinganishe nyuso zao na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme (Danieli 1:8-16). Kundi moja hili, kundi la pili lile, muda uliowekwa, na mtu wa kutazama ambaye hakuwa wa upande wa Danieli. Waganga wa leo hawafanyi zaidi ya hayo, isipokuwa wanawatazama watu wengi zaidi. Danieli alikuwa nabii, wala hakuona haya imani yake ipimwe.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Kilifi, katika pwani ya Kenya, kati ya mwaka 1993 na 1995. Vijiji vingine vilipewa mustikere zilizotiwa dawa ya kuua mbu, vingine bado. Watoto wakahesabiwa. Vifo vya watoto wadogo katika vijiji vyenye mustikere vilipungua kwa theluthi moja. Huko Gambia, Ghana na Burkina Faso pia walichunguza, na vifo vilipungua.

Hapa ndugu mmoja alituuliza, na swali lake ni zito: na wale watoto wa vijiji vilivyokosa? Je, si dhambi kumwacha mtoto bila mustikere ili upate hesabu? Tumelizungusha neno hili mioyoni. Kama unajua kwamba kitu kinaokoa, ukamnyima mtoto ili kuhakikisha tena, umekosa. Kama hujui kweli, na hakuna anayejua, kugawa kwa wengine na kungoja kwa wengine ni njia ya kujua, mradi watu wameelezwa, na jibu likipatikana linarudi kwa wote. Mwaka 1994 huko Marekani na Ufaransa ilijulikana kwamba dawa ya AZT, mama mwenye virusi vya sida akiimeza akiwa na mimba, inamkinga mtoto: badala ya watoto 25 kati ya 100 kuambukizwa, waliambukizwa 8. Kisha uchunguzi mwingine ukafanyika Afrika na Asia ili kujaribu dawa ile kwa muda mfupi na gharama ndogo, na wamama wengine walipewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Mwaka 1997 waganga wenyewe waligombana hadharani juu ya jambo hilo. Wengine walijitetea kwamba wamama wale wasingepata kitu kwa vyovyote. Mwaka 1998 ilionekana kwamba hata dozi fupi inapunguza maambukizo kwa nusu, na vidonge vitupu vikasimamishwa. Uchunguzi ule ulileta faida, hatukatai. Lakini sisi tunasema kidonge kitupu kilikuwa kosa, kwa sababu jambo la kwanza lilikwisha julikana, na umaskini wa mama si ruhusa ya kumficha dawa.

Tumesema hivyo juu ya waganga. Je, juu yetu wenyewe?

Wapendwa, hatuwezi kuandika haya bila kusema lililotupata. Katika parokia moja yetu mtoto wa miaka 3 aliletwa katika nyumba ya maombi akiwa na homa. Alikaa siku tatu. Tuliomba, tukamnywesha maji ya baraka, tukafunga chakula. Siku ya tatu akashikwa na degedege, na alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha zimia. Hakurudi. Sisi tulioandika ukurasa huu baadhi yetu tulikuwapo, tumevaa kanzu nyeupe. Kituo cha afya hakikuwa mbali. Kipimo cha malaria ni tone la damu na robo saa ya kungoja. Tuliowashutumu wachunguzi kwa kuwajaribu watoto wetu, tulimfanyia yule mtoto jaribio kubwa kuliko lolote, bila kumwuliza mama yake, wala hatukuandika matokeo mahali popote.

Ndiyo sababu tumeanza kuogopa ushuhuda wetu wa kila juma. Anayepona anasimama mbele na tunapiga vigelegele. Asiyepona yuko makaburini, naye haombi nafasi ya kushuhudia. Tukihesabu waliosimama tu, kila maji yataponya kila ugonjwa. Kosa hili si la makanisa peke yake. Mwaka 1987, wakati wa Zaire, ilitangazwa Kinshasa kwamba mganga wetu mmoja na mwenzake wa Misri wamepata dawa ya sida, ikaitwa MM1 kwa heshima ya Mobutu na Mubarak. Dawa ilipewa jina kabla ya kupimwa vya kutosha, na wagonjwa wa sida hawakupona kwayo.

Juu ya sida tuna neno fupi, kwa kuwa wengine wenu mmetuambia kwa siri. Msione ugonjwa huu kama laana ya nyumba yenu. Wachunguzi walioandika mwaka 2014 walifuata nyayo za virusi mpaka Kinshasa ya miaka ya 1920, na kutoka pale vilipanda reli pamoja na watu wa kazi, vikashuka Lubumbashi. Na mwaka 2011 ilionekana, kwa jozi zaidi ya 1,700 za watu katika nchi 9, Malawi na Zimbabwe zikiwamo, kwamba mwenye virusi akianza vidonge mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake inapungua kwa sehemu 96 katika 100. Basi nabii akikuambia umepona na uache vidonge, mwambie kwa heshima: Baba, twende pamoja nikapimwe. Bwana Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma wajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Kama umepona, kipimo hakitakuvunjia uponyaji wako.

Na makesha yetu? Tunakaa nje kuanzia saa nne ya usiku mpaka saa kumi alfajiri, na saa hizo hizo mbu wa malaria anatafuta damu. Wakubwa wa kanisa wamekubaliana kwamba watoto walio chini ya miaka 5 na wamama wenye mimba hawatakesha tena nje. Wataombea nyumbani. Kuna waliolalamika.

Mama yule aliyeuliza alirudi baada ya majuma mawili, mustikere ikiwa imekunjwa chini ya kwapa. Alitaka tuiombee. Tuliiombea, kisha wawili wetu tukaenda kwake kuifunga juu ya kitanda. Ilikuwa na tundu upande wa miguuni, na mzee wetu aliyesema damu haiuzwi ndiye aliyeomba sindano na uzi.