Je, Sanamu Yaweza Kusema Uongo?

Sisi makatekista huombwa mara nyingi kuwasomea kina mama maneno yaliyoandikwa na watoto wao walio mbali. Zamani zilikuwa barua, siku hizi mara nyingi ni simu. Mama husikiliza, lakini sauti aisikiayo ni yetu, siyo ya mwanawe. Bali ikija sanamu, huishika mkononi akaisoma peke yake, pengine kutwa nzima.

Ndiyo sababu tunamfikiri Samuel Fosso. Alizaliwa mwaka 1962 huko Kameruni, wazazi wake Waigbo. Baada ya vita ya Biafra (1967–1970), mwaka 1972, jamaa yake mmoja akampeleka Bangui, katika Afrika ya Kati, mji wa watu wasemao Kisango na Kifaransa. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua nyumba yake ya kupigia sanamu. Wateja wakiisha kwenda zao, filamu iliyosalia alijipiga mwenyewe, apate kumpelekea bibi yake kule Nijeria, ajue kwamba mjukuu yu hai.

Lakini kijana huyu alipenda kujivika miwani mikubwa, suruali za madaha na viatu vya kisigino kirefu. Wengine watasema: majivuno hayo, tena uongo! Neno hili si jepesi. Tumewaona vijana wakiazima koti na saa ili mama aamini kwamba kazi imepatikana. Naye mama akaamini, akakopa fedha kwa tumaini hilo. Huo ni uongo mtupu, wala hatuwezi kuupaka chokaa.

Walakini uongo haukai katika vazi, hukaa katika nia ya kumpotosha mwenzako. Siku ya Ijumaa Kuu, jirani yetu akivaa joho la Pilato, nani amedanganyika? Vivyo hivyo mwaka 2008 Fosso alijifananisha na Lumumba wetu, na Senghor, na Martin Luther King, wala hakuna aliyedhani kwamba ndio wenyewe.

Na bibi je? Hapo twasita kidogo. Sanamu haikumwonyesha taabu za ugenini. Ila alilotaka kujua zaidi lilikuwa moja, nalo lilikuwa kweli.

Juzi mama mmoja wa parokia yetu alituonyesha sanamu ya mwanawe. Hakutuomba kuisoma. Alituuliza tu: «Mwalimu, koti hili ni lake?»