Tyubu Yenye Majina Matatu

Mpwa wangu ni mwendeshaji bodaboda katika steji ya Shibale, Mumias. Msimu wa mvua ukifika, huku kwetu hunyesha karibu kila alasiri, naye hushinda ndani ya koti la mpira na suruali nzito hata jua likirudi. Mwaka juzi alitokwa na alama ya mviringo kinenani, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, ukingo wake umeinuka. Usiku ilimwasha hata akakosa usingizi. Watoto wa shule huita mashilingi, wazee huita choa. Ni kuvu inayokula ngozi ya juu, nayo hustawi penye joto na jasho.

Mahali penyewe palimtia haya. Alikwenda duka la dawa, akangoja wateja watoke, ndipo akanong'ona, "Nipe ile kali, ya mara moja." Muuzaji hakuuliza lolote, akampa tyubu ndogo. Kesho yake muwasho ulitulia. Siku ya tatu wekundu ulikuwa umefifia, akanipigia simu: "Mjomba, hii dawa inanisikia kabisa." Siku ya tano akaacha kupaka. Nilipaswa kumwambia anisomee maandishi ya kwenye kiboksi. Sikufanya hivyo, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Ndani ya tyubu ile mlikuwa na dawa tatu: klotrimazoli ya kuua kuvu, jentamaisini ya kuua bakteria, na betamethasoni, ambayo ni steroidi kali. Klotrimazoli peke yake ni dawa njema. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliivumbua mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei nafuu. Ila haina haraka. Hupakwa mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, na mtu huendelea kupaka hata ngozi ikishaonekana safi. Betamethasoni haiui kuvu hata chembe. Kazi yake ni kuzima kinga ya ngozi, ile ile inayoleta wekundu na muwasho inapopigana. Mbwa amenyamazishwa, mwizi bado yumo ndani.

Na hapa ndipo soko linapotuponza. Mnunuzi huipima dawa kwa muwasho, na muuzaji anajua. Tyubu inayotuliza kwa usiku mmoja huisha rafuni. Ile ya wiki nne hulaumiwa kuwa ni feki. Duka huagiza kinachotoka. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina mikonazoli na terbinafini za kupaka, lakini mchanganyiko huu wa tatu haumo. India imekwisha kuonja matokeo yake. Baada ya krimu za aina hii kuuzwa kiholela kwa miaka mingi, mwaka 2018 serikali ililazimika kubana uuzaji wa krimu za steroidi. Kuvu sugu iitwayo Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii terbinafini, ilienea huko na sasa imevuka hadi mabara mengine. Wataalamu wa ngozi wanazitaja krimu hizo miongoni mwa sababu.

Mpwa wangu alipaka kwa miezi saba, tyubu baada ya tyubu. Kila alipoacha, muwasho ulirudi kwa hasira kuliko mwanzo, akaamini mwili wake unaihitaji dawa. Choa kikapoteza umbo lake, kikawa madoa yasiyo na ukingo, kikapanda tumboni na kushuka mapajani. Binti yake mdogo akaota punye kichwani, mama yake akampaka tyubu ile ile. Krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele. Punye inataka dawa ya kumeza.

Hatimaye walikwenda kliniki. Afisa alikwangua ngozi kidogo, akaidondoshea dawa kwenye kioo, akatazama kwa hadubini. Kisha akauliza, "Umekuwa ukipaka nini?" Mpwa wangu akaitoa mfukoni.

"Hii ndiyo iliyoilea hiyo kuvu, kijana."

Yeye aliandikiwa vidonge vya terbinafini, mtoto akapewa griseofulvini ya kunywa pamoja na maziwa, maana mwili huipokea vizuri ikienda na mafuta. Punye ilipona, nywele zikaota. Choa nacho kiliisha, lakini michirizi ya zambarau ilibaki kinenani, mahali steroidi ilipoidhoofisha ngozi. Aliambiwa haitafutika.

Juzi mwenzake wa steji alimtuma dawa ya vidole vya miguu. Alikigeuza kiboksi pale kaunta, akahesabu majina matatu, akakirudisha na kuomba chenye jina moja. Muuzaji akamwambia hiyo imeisha, labda wiki ijayo. Akawasha pikipiki, akaenda kuitafuta kwingine.