Walimu wa Sanaa, Wekeni Chaki Chini

Walimu wenzangu, nawasihi: acheni kuwachorea watoto!

Mnajua ninalosema. Mwalimu anaingia, anachora ubaoni nyumba ya paa la pembetatu na mnazi pembeni, kisha anaamuru: "Choreni hivi." Watoto arobaini wanatoa nyumba arobaini zisizokaliwa na mtu. Na yule mmoja aliyechora kwa bibi yake, jogoo akiwa mkubwa kuliko mlango, anapigwa alama nyekundu ya kosa. Jamani! Jogoo huyo ndiye aliyemkimbiza asubuhi. Mtoto amempima kwa hofu yake, na kipimo hicho ni cha kweli. Ukikifuta, umemfundisha kwamba macho yake yanasema uongo.

Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937 barazani kwake, alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na baadhi ya aliyoyaamini kuhusu Waafrika tuna haki ya kuyakataa. Lakini hili alilipata: aliwasimulia wanafunzi tukio, akawaacha walione wenyewe moyoni, ndipo wapake rangi. Katika shule yake ya sanaa pale Chuo cha Makerere alipita mchoraji Elimo Njau, kijana wa Marangu, Tanzania. Nendeni Murang'a, Kenya, mkatazame kuta za kanisa alizozichora miaka ya 1950: Yesu ni Mwafrika, na nchi anayoikanyaga ni ya Wakikuyu. Angempata wapi Yesu huyo, kama angezoezwa kunakili picha za Ulaya tu?

Na msidhani kufundisha sanaa ni kazi ndogo: someni katika Biblia kitabu cha Kutoka, sura ya 35. Fundi Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu apate ustadi wa dhahabu, fedha, mawe na miti. Hayakuishia hapo: Mungu alimtia moyoni kufundisha pia, yeye na fundi mwenzake Oholiabu. Basi kazi yenu ni karama, hata kama ratiba ya shule imeisukuma Ijumaa mchana na mwalimu mkuu anaiita kipindi cha kupumzika!

Wala msiniambie rangi hakuna. Mkaa upo jikoni, udongo mwekundu upo uwanjani, na boksi likikunjuliwa ni karatasi. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuinama penye dawati na kuuliza, "Huyu ni nani? Anafanya nini?", kisha angoje jibu bila kushika penseli ya mtoto.

Kesho ingieni darasani bila picha ya kunakili. Waulizeni walichokiona njiani, waacheni wakichore, na kalamu nyekundu ibaki ofisini.