Nani Alipe Saa ya Kukaa Bure?

Umewahi kukaa saa kumi na mbili kando ya rundo la nguo, jua la Kilosa likikuchoma utosi, halafu jioni ukaambiwa, "Leo hakuna kitu, mwanangu, kesho Mungu akipenda"?

Mimi nimekaa. Mwaka 2023, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na ndoto ya kuandika riwaya, nilimfanyia kazi mama mmoja muuza mitumba. Siku nyingine tulikuwa sokoni Kilosa, siku nyingine tunapandisha mzigo kwenye gari hadi Mikumi, barabara kuu ya Iringa. Njiani tunapita mahali panapoitwa Ulaya, basi utani haukosi: nguo zimetoka Ulaya, zimepita Ulaya, muuzaji ndiye bado hajafika Ulaya.

Mapatano yalikuwa ya mdomo. Tukiuza vizuri, elfu tano na chakula cha mchana. Tusipouza, chakula tu. Sikulalamika. Mama mwenyewe alinunua belo lililofungwa, na belo ni bahati nasibu: ukikata kamba unakuta mashati safi, au makoti mazito ambayo kwa joto la Mikumi hakuna wa kuyavaa. Siku ya makoti nilimwona akifuta machozi kwa kanga. Mtu kama huyo utamdai nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi katika biashara, yaani kama shilingi 770 kwa saa. Oktoba 2025 ikatangazwa nyingine ya kupandisha. Kwa 770 ile, saa kumi na mbili ni zaidi ya elfu tisa hata kabla ya nyongeza. Lakini siku ya makoti, mama naye hakupata 770 kwa saa.

Basi nikajiambia, asiye nacho hatoi. Hadi nilipofikiri vizuri. Belo likiwa bovu, hasara tunagawana. Belo likiwa zuri, mimi ni elfu tano ileile. Kama mimi ni mshirika, nipewe faida. Kama ni mfanyakazi, nilipwe muda wangu. Shati lisiponunuliwa leo linakunjwa, linauzwa kesho. Saa yangu haikunjiki.

Utasema, mbona mama alikuwa na huruma? Ni kweli. Malaria iliponilaza siku nne, alininunulia dawa na kuniletea uji. Sitasahau. Lakini nilipopona sikuthubutu kuuliza habari ya zile siku nne. Uji ule ulinifunga mdomo. Hisani huja mtoaji akipenda. Haki huja hata kama jana mligombana.

Msinione hakimu, jamani. Siku moja nilikwenda Mikumi na mama, meza ya Kilosa nikamwachia kijana wa jirani, kwa mapatano yangu mwenyewe. Akakaa toka asubuhi hadi magharibi, akauza sketi moja. Nilirudi na elfu tano mfukoni, nikampa buku moja, nikamwambia, "Leo hakuna kitu, mdogo wangu." Maneno yaleyale! Akajibu, "Asante, kaka."

Siku hiyo umaskini haukuwa kisingizio; pesa ninayo. Nilichukua saa zake kwa sababu hakuwa na pa kuzipeleka.

Siku hizi nashikilia jambo moja: saa usiyoweza kuilipa, usiichukue. Kama mauzo hayabebi saa kumi na mbili, mwite mtu kwa zile saa nne za watu wengi, umlipe, nyingine umwachie akalime, akasome, hata akaandike riwaya yake. Bosi maskini anaweza kufanya hivyo. Hata mimi niliweza.

Yule kijana tukikutana sokoni hunisalimia kwa heshima. Namwitikia, halafu napita upande wa pili. Bado sijamlipa.